Wake wa Kuja wa Kherla

Ukisimama juu ya paa la nyumba yoyote kijijini hapa Kherla asubuhi, utaona wanaume. Wamekaa kwenye vitanda vya kamba nje ya malango, wamejipanga kwenye ukuta mfupi pale njia panda, wamepanda matrekta ambayo hayaendi popote. Wengi wao ni watu wazima. Wamenyoa ndevu vizuri, wamepiga pasi mashati, wana simu nzuri mkononi, na jioni wanarudi kula chakula alichopika mama. Shuleni wavulana wanabanana madawati, na wasichana wanakaa dawati moja na nafasi inabaki.

Wasichana wa hapa hawakwenda popote. Hawakuachwa wazaliwe. Na baadhi waliozaliwa waliugua siku mbili, na hakuna aliyewasha trekta kuwapeleka hospitali. Wavulana wakakua, wakatafuta wa kuoa, wakakuta hakuna. Ndipo walipoanza kutufuata sisi huko mbali.

Mimi naitwa Sarbani. Kwetu ni Bengali, upande wa Malda, penye mto na samaki na wali wa kila siku. Nimekaa Kherla hadi mwanangu wa kwanza ana masharubu, lakini kwa watu wa hapa bado ni paro, wa ng'ambo, wa kuja. Watakula mikate yangu ya roti, watakunywa maziwa niliyokamua, lakini harusi ya ukoo ikifika nitakalishwa nyuma karibu na zizi. Mume wangu Rohtas si mtu mbaya. Ni mtu wa kunyamaza. Ukimwambia jambo anatikisa kichwa, kisha anakwenda kuangalia ngano yake.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa Chandmuni. Yeye ni Msantali wa Jharkhand, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko cha ghafla. Aliletwa na Satbir, mwanamume aliyekuwa amekwisha kukata tamaa ya kuoa, na nywele zimeanza kumtoka. Watu walicheka walipomwona akishuka naye kwenye basi, lakini Satbir alimpenda kwa njia yake. Akienda sokoni humletea mchele kidogo amefunga kwenye kitambaa, kwa kuwa alijua roti za uwele zinamkaa kooni. Walizaa mtoto mmoja, Mungli. Mama mkwe alipoambiwa ni msichana aligeuza uso ukutani, lakini Satbir alimbeba yule mtoto akamzungusha mtaa mzima.

Nyumba ile ilikuwa na watu wengine wawili. Mmoja ni mama mkwe mwenyewe, Bhateri. Katika lugha ya hapa jina lake maana yake "wametosha." Baba yake alimpa alipozaliwa baada ya wasichana wengine, ili Mungu aelewe. Wa pili ni mdogo wake Satbir, Dharme, mtu mrefu asiyepaza sauti. Dharme naye aliwahi kuwa na mke wa kuja, Junali wa Assam. Junali alikaa mavuno mawili, hakushika mimba, halafu siku moja hakuwapo. "Amekimbia," walisema watu wa nyumba ile. "Hawa wa kuja ndivyo walivyo." Nasi tuliitikia kwa vichwa, kila mtu akarudi kwenye jiko lake.

Satbir alikufa msimu wa ukungu. Ukungu wa Januari hapa ni mzito kiasi kwamba nyati wako wa maziwa humwoni, unamsikia tu akicheua. Alikuwa anapeleka maziwa kwa pikipiki, na barabarani mtu alikuwa ameacha tela la miwa bila taa. Chandmuni alisikia kishindo akiwa anakoka moto, akadhani ni mlango wa godauni la mwenyekiti wa kijiji. Walipomleta Satbir amefunikwa blanketi, Bhateri hakulia. Aliuliza tu, "Yupi?" Alipoambiwa, akakaa chini palepale kwenye udongo wenye umande.

Walimchoma, kama ilivyo mila ya hapa, mchana wa siku hiyohiyo. Siku iliyofuata Dharme alikuwa amevaa sweta la kaka yake.

"Baridi," alisema alipoona namwangalia.

Kuna kiwanja nyuma ya bwawa ambako sisi wanawake tunafinyanga samadi kuwa mikate ya kukokea moto. Ndiko tunakozungumza, maana wanaume hawapendi harufu. Chandmuni alikuja huko matanga yakiwa hayajaisha, mikono mitupu bila bangili, mtandio umeshuka hadi kidevuni.

"Dada Sarbani," aliniambia, "jana shemeji amemwita Mungli 'binti yangu.'"

"Si baba yake mdogo?"

"Alisema hivyo akiniangalia mimi. Tena amehamishia kitanda chake nje ya chumba changu. Eti analinda."

"Analinda nini?"

"Ndicho ninachomuuliza Mungu."

Akaendelea kufinyanga. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba alikuwa anasogeza pipa la ngano chumbani, na nyuma yake akakuta nguo imekunjwa vizuri. Nguo nyeupe ya kufumwa kwa mkono, ukingo wake mwekundu, ya wanawake wa Assam.

"Ya Junali," nikasema.

"Mtu anakimbilia kwao, anaacha nguo ya kwao?"

Tulikuwa tunazungumza tumeupa mgongo ule ukungu, kwa hiyo hatukumwona Bhateri hadi alipotua karai lake la samadi karibu yetu. Sijui alikuwa amesikia mangapi. Alichuchumaa, akavuta bonge la samadi, akaanza kulipiga kwa viganja vyake vikubwa.

"Hakukimbia," alisema mwishowe.

Bhateri akaongeza samadi kwenye bonge lake.

"Mtu mmoja alikuja na gari na pesa kutoka mbali. Mimi ndiye niliyempikia chai. Akainywa, akaondoka naye. Dharme alimtoa kama unavyotoa ng'ombe asiyeshika mimba. Msichana alikuwa ananiita mama. Alikuwa ameshika nguzo ya uani, na mimi nikamfungua vidole." Alibandika mkate wake wa samadi chini, akaupapasa kingo. "Haya ninayasema mara moja tu. Msiniulize tena."

"Mama," Chandmuni alisema, "na mimi je?"

"Wewe una mtoto, na una sehemu ya shamba la marehemu. Wewe hutolewi. Wewe unafunikwa shuka." Ndipo alipomtazama. "Baada ya matanga. Mzee wa ukoo, Chaudhari Hukam, ameshakubali."

Kufunikwa shuka ndiyo desturi ya hapa. Mjane haachwi atoke na shamba. Wazee wanakaa, ndugu wa marehemu anamwekea mjane shuka kichwani, anamvisha bangili, na kwisha: ni mke wake. Hakuna anayemuuliza mwanamke. Wako wengine waliofunikwa wakaishi vizuri tu, siwezi kusema uongo. Lakini hao hawakuwa wakifunikwa na Dharme.

Chandmuni hakulia wala hakupiga kelele. Alinawa mikono bwawani, akaniambia, "Sitaki. Nikisema peke yangu watasema mjane amerukwa na akili, watanifungia. Naomba usiniache peke yangu siku hiyo, dada."

Nikamwambia sitamwacha. Kisha nikarudi nyumbani bila kujua nitafanya nini.

Nilichofanya ni kidogo. Nilichukua chekeche langu la unga nikaanza kuzunguka, nikijifanya nalirudisha kwa mwenyewe. Nyumba ya kwanza nilimkuta mke wa fundi pampu, wa Odisha. Nyumba ya pili, Mbengali mwenzangu aliyeolewa na mwanamume mwenye mguu mbovu. Mtaa wa juu nilikuwa namjua mmoja, yeye akanionyesha wengine. Kumbe kila ua una wa kuja wake! Wengine sikuwahi kuwaona, maana wanafunika uso na hawatoki. Mmoja alikuwa anasema lugha ya hapa sawasawa na wenyeji hata sikuamini, mpaka alipoinua mtandio nikaona uso wa watu wa milimani. Kila mmoja nilimwambia neno moja: siku ya shuka, njoo ukae. Usiseme kitu. Kaa tu.

"Mume wangu atanivunja mgongo," mmoja aliniambia.

"Basi usije."

"Nimesema atanivunja. Sijasema siji."

Siku ilipofika ukungu haukupanda. Ua wa Bhateri ulijaa wazee, vilemba vyeupe, kiko cha maji kikipita mkono kwa mkono. Chaudhari Hukam, mwenyekiti wa zamani ambaye neno lake bado ndilo neno, alikaa kitanda cha katikati. Chandmuni alikalishwa chini karibu na nguzo, Mungli mapajani. Dharme alikuwa amesimama, amevaa shati jipya na lile sweta.

Nikaingia mimi, nikakaa chini ukutani. Hakuna aliyejali. Akaingia mke wa fundi pampu, akakaa. Kisha wakaingia wawili kwa pamoja. Kisha lango likawa halifungwi. Walikuja wamefunika nyuso, mitandio ya kila rangi, wengine na watoto kiunoni, wanatoka kwenye ule ukungu kimya kimya na kukaa. Ua ukajaa hadi wazee wakavuta miguu juu ya vitanda.

Mzee mmoja akacheka. "Chaudhari, leo kuna harusi ya nani? Mbona tumevamiwa?"

"Hawa ni akina nani?" Hukam aliuliza.

"Si ni wake zenu hawa," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Tumekuja kukaa na mwenzetu."

Nadhani ndipo wale wazee walipotuona. Walizoea kuona mmoja mmoja, mmoja ng'ambo ya ukuta, mwingine kisimani. Niliona macho ya Hukam yakizunguka kutoka ukuta hadi ukuta, akitafuta mwanamke wa ukoo wao, wa kuzaliwa karibu, kijana. Hakumpata. Na mimi nilikuwa natazama vilevile. Hatukujua kwamba tumekuwa wengi namna ile.

"Paro," Dharme aliniambia, taratibu kama kawaida yake, "rudi jikoni kwako."

"Nimeshapika, shemeji."

Watu wachache walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwanao Sandip ana masharubu. Atamuoa nani? Hapa hakuna. Utakwenda mwenyewe huko kwenu Malda, utamtafutia msichana, utampandisha treni. Halafu utakuja kunifundisha mimi."

Neno lile liliniingia mbavuni. Ni kweli Sandip alikuwa ameshaanza kuniuliza. Ni kweli Rohtas alikuwa ametaja habari za binamu zangu.

Chandmuni ndiye aliyesema. Alisimama, mtoto begani, akainua mtandio wake hadi kwenye paji la uso, jambo ambalo halifanywi mbele ya wazee. "Chaudhari, baba yangu, sitaki shuka. Nitakaa kwenye chumba cha mume wangu, nitalima sehemu yake, nitamlea mtoto wake. Nitampikia mama. Na shemeji nitampikia. Lakini shuka sitaki."

Minong'ono ikapanda. Mtu akasema mjane wa kuja hajui adabu. Hukam akainua mkono. "Bhateri, leta shuka tumalize. Watu wana kazi."

Bhateri alikuwa amekaa kwenye mlango wa chumba chake, juu ya sanduku la bati alilokuja nalo siku alipoolewa. Shuka lilikuwa humo, sote tulijua. Hakuondoka.

"Mama," Dharme alisema. "Shuka."

"Sanduku ni langu," Bhateri alijibu. "Na ufunguo ni wangu."

"Mama, watu wanangoja."

"Wangoje. Mimi nimengoja maisha yote." Aligeuka kwa Hukam. "Chaudhari, wewe na mimi tuna umri mmoja. Unajua mama yangu alizika wasichana wangapi baada yangu. Na unajua nilizika wangapi mimi, kwa kuwa mkunga alikuwa shangazi yako. Kila nyumba hapa ilifanya hivyo, kisha tukaenda kununua wa wenzetu. Mmoja alipita uani humu, akashika ile nguzo pale. Nikifungua sanduku hili leo, vidole vyangu vitakatika. Basi, mwenye nguvu na aje aninyanyue."

Hakuna aliyekwenda. Kumnyanyua bibi kizee mbele ya mtaa ni aibu ambayo hata Dharme hakuwa tayari kuibeba. Kiko cha maji kilizimika, hakuna aliyekikoleza. Mwishowe Hukam akasimama, akajifuta magoti. "Mambo ya nyumba yaishe nyumbani," alisema, akatoka, nao wakamfuata.

Dharme alibaki amesimama katikati ya wanawake. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kukumbuka. Kisha akaenda kibarazani, akajipakulia mboga ya haradali, akachukua roti zake, akala zote bila haraka. Sisi tulitoka tukipishana, na nje ya lango baadhi walikuwa wanacheka kwa kunong'ona kama wasichana wa shule. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa bado naona jinsi alivyokuwa anatafuna.

Mtaa ukabadilika. Wale wanaume wa njia panda walihamia karibu na bwawa, wakawa wanakaa pale tunapofinyanga samadi, harufu na yote. Hawakusema kitu. Walicheza simu zao tu. Yule aliyesema atavunjwa mgongo, alivunjwa mkono. Ndoo za Chandmuni zilikutwa zimepinduliwa, maziwa yote ardhini. Rohtas, ambaye hajawahi kunizuia jambo, alikuja akasimama mlangoni akasema, "Usitoke peke yako kwa sasa," na nilipomuuliza kwa nini, akatikisa kichwa na kwenda shambani.

Dharme mwenyewe hakufanya lolote. Alikamua, alilisha ng'ombe, akamsalimu Chandmuni kwa adabu. Ngano ilipoanza kugeuka rangi, akaondoka na begi dogo. Bhateri alimuuliza anakwenda wapi.

"Kutembea," alisema.

Chandmuni alinijia siku hiyo akiwa amevaa bangili za plastiki za kijani alizochaguliwa na Mungli kwenye maonyesho, kwa mzaha tu. "Ameondoka, dada. Nimelala usingizi wa mtoto." Tulipika wali, tukala na pilipili. Ilikuwa furaha yetu ya kwanza tangu msiba, na tuliila kwa pupa.

Dharme alirudi wakati wa mavuno, saa za mchana, jua kali, vumbi la mashine za kupura limejaa hewani. Alishuka kwenye bajaji pamoja na msichana.

Nilikuwa juu ya paa nimeanika pilipili. Nilimwona kutoka pale, mdogo, mwembamba, amevaa sari nyekundu iliyomzidi, mtandio umemwangukia hadi kifuani hata akawa anapapasa kwa miguu. Dharme alimshika mkono kwa uangalifu kabisa. Alipofika langoni, Dharme aliinua uso, akanitazama mimi pale juu, akatabasamu.

Nilishuka mbio. Wengine nao walikuwa wanakuja. Tulimkalisha msichana kibarazani, tukamfunua uso, tukampa maji. Nilimwambia kwa Kibengali asiogope. Alinitazama kinywa. Chandmuni akamwambia kwa Kisantali. Mke wa fundi pampu akajaribu cha kwao Odisha, na yule wa milimani akajaribu chake. Tukaita mwingine, na mwingine. Lugha zote tulizoingia nazo kijijini humu tulizimwaga miguuni pake, na hakuna hata moja aliyoishika. Alipogusa kifua chake akataja jina, hatukujua ni jina lake, au la mama yake, au anaomba kwenda haja.

"Umemtoa wapi?" Chandmuni alimuuliza Dharme.

"Mlisema hamtaki," Dharme alijibu. "Nami nimewaacha. Au siyo?"

Chandmuni alinitazama. Sijawahi kuona uso kama ule. Niliyasoma yote mle, kwa kuwa na mimi nilikuwa nafikiri hayohayo: shuka alilolikataa yeye limekwenda kumwangukia mtoto wa watu.

Bhateri ndiye aliyenyanyuka. Alimshika yule msichana mkono, akamwingiza chumbani kwa Chandmuni, akamketisha karibu na Mungli. Kisha akavuta kitanda chake cha kamba, akakiweka mlangoni kukingama, akalala juu yake mchana ule ule, fimbo ya kuchungia nyati kifuani.

"Mama, huyu ni mke wangu," Dharme alisema.

"Akijua kukwambia hivyo kwa kinywa chake, nitaondoka."

Tulikwenda kituo cha polisi, mimi, Chandmuni na mke wa fundi pampu. Ofisa alitusikiliza vizuri, akatuagizia chai. Siku iliyofuata alikuja, akakaa uani, akanywa mtindi na Dharme, wakazungumza habari za bei ya miwa, akaondoka. Tukaanza kupiga simu kwa ndugu zetu huko makwetu, tukiwasikilizisha sauti ya msichana, labda yuko anayeijua. Bado tunapiga. Mwanangu Sandip ndiye anayetupigia, na tangu aanze kazi hiyo hajaniuliza tena habari za Malda.

Msichana anajifunza maneno ya hapa. Anajua maji, roti, nyati, njoo. Chandmuni anamfundisha, na kuna maneno amekataa kumfundisha kwa sasa, 'mume' likiwa la kwanza. Dharme haharakishi. Jioni anakaa kwenye kitanda chake uani, mkabala na ule mlango, anakula taratibu, anasikiliza masomo. Wakati mwingine msichana akikosea neno, yeye humsahihisha.

Na Bhateri bado analala mlangoni. Ni mzee sana sasa, na hakuna mwingine ambaye Dharme anaona aibu kumnyanyua mlangoni; wiki hii ameanza kukohoa. Ninamsikia kupitia ukutani ninapokamua jioni. Akikohoa, sauti ya kijiko cha Dharme kwenye bakuli husimama kidogo. Akinyamaza, kijiko kinaendelea.